Nusu mkate: Jinsi wizara 40 za serikali ya mseto zilivyogawanywa

RAIS Mwai Kibaki alipotangaza Baraza la Mawaziri mnamo Jumapili, Aprili 13, 2008, Wakenya waliokuwa wakimsikiliza walianza mara moja kuhesabu. Walipata mawaziri 40, nusu wa upande wake wa PNU na washirika wake, nusu wa upande wa ODM chake Raila Odinga, ambaye siku hiyo alitajwa kuwa Waziri Mkuu. Mitaani serikali hiyo ilikwisha kubandikwa jina: nusu mkate.

Kwa hesabu, mkate ulikatwa katikati. Kwa uzito, la. Tofauti hiyo baina ya hesabu na uzito ndiyo iliyozaa karibu migogoro yote iliyoiandama serikali hiyo hadi uchaguzi wa Machi 4, 2013.

Asili ya mgawanyo huo ni uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Matokeo ya urais yalipopingwa, ghasia zilizuka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Huku wapatanishi wakianza kuwasili, Rais Kibaki aliwateua mawaziri 17 mnamo Januari 8, 2008. Hatua hiyo ilitazamwa wakati huo kama dharau kwa wapinzani wake, lakini athari yake kubwa zaidi ilionekana baadaye. Wizara zilizojazwa siku hiyo zilikuwa zile zenye nguvu: Fedha kwa Amos Kimunya, Usalama wa Ndani kwa Profesa George Saitoti, Haki na Masuala ya Katiba kwa Martha Karua. Kwa hivyo ODM kilipoketi mezani kujadili mgao, nyama ya mapajani ilikuwa tayari sahanini mwa mwenzake.

Mkataba wenyewe ulitiwa saini Februari 28, 2008, mbele ya jumba la Harambee House, Nairobi, mbele ya mpatanishi mkuu Kofi Annan na Rais wa Tanzania, Jakaya Kikwete, ambaye alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Bunge liliugeuza kuwa sheria mwezi uliofuata. Sheria hiyo ilikuwa fupi mno kwa kazi iliyokabidhiwa. Ilisema kwamba muundo wa serikali sharti wakati wote uakisi nguvu za vyama Bungeni, na kwamba uzingatie uwiano wa wizara. Haikusema uwiano huo unapimwa kwa kipimo gani. Je, Wizara ya Fedha ni sawa na Wizara ya Uvuvi? Je, wizara tatu ndogo zinatosha kufidia moja kubwa? Hayo yaliachiwa watu wawili wakubaliane.

Hawakukubaliana kwa urahisi. ODM, kilichokuwa na viti 99 dhidi ya 43 vya PNU chenyewe bila washirika wake, kilitaka baraza la wizara 34. PNU ilitaka 44. Walikutana 40, kisha wakakwama tena juu ya nani achukue Mashauri ya Kigeni, Serikali za Mitaa, Uchukuzi na Kawi. Mwanzoni mwa Aprili mazungumzo yalivunjika na vijana wakarejea barabarani Kibera na Kisumu. Kilichokwamua mambo si kifungu cha sheria bali mkutano wa faragha wa viongozi hao wawili katika Ikulu ndogo ya Sagana, siku moja kabla ya tangazo.

Tazama kilichotoka Sagana. Upande wa Rais ulibaki na Fedha, Usalama wa Ndani, Ulinzi, Mashauri ya Kigeni, Haki, Kawi, Uchukuzi na Elimu. ODM kilipata Serikali za Mitaa kwa Musalia Mudavadi, aliyekuwa pia Naibu Waziri Mkuu, Kilimo kwa William Ruto, Ardhi kwa James Orengo, Barabara kwa Kipkalya Kones na Huduma za Matibabu kwa Profesa Anyang' Nyong'o. Hizo si wizara za kudharauliwa. Ardhi na Kilimo ndizo zilizogusa kiini cha chuki za Bonde la Ufa. Lakini polisi, jeshi na hazina ya taifa vyote vilikuwa upande mmoja. Aidha makatibu wa kudumu, ambao ndio wasimamizi wa fedha za kila wizara, waliendelea kuteuliwa na Rais. Waziri wa ODM aliweza kuingia ofisini asubuhi akakuta faili zote ziko kwa mtu asiyewajibika kwa chama chake.

Ili kufikia idadi ya 40, wizara zilipasuliwa. Mfano ulio wazi zaidi ni wa afya. Hospitali kubwa ziliwekwa chini ya Huduma za Matibabu za Profesa Nyong'o, ilhali zahanati na vituo vya afya vikawekwa chini ya Afya ya Umma, iliyopewa Beth Mugo wa PNU. Mgonjwa aliyetoka zahanati ya kijijini akapelekwa hospitali ya wilaya alikuwa amevuka mpaka wa wizara, na kwa hakika mpaka wa vyama, bila kujua. Elimu nayo ilitenganishwa na Elimu ya Juu. Mifugo, samaki na mazao vilikuwa na waziri kila kimoja. Ni vigumu kuamini kwamba mipasuko hiyo ilitokana na mahitaji ya wananchi.

Chini ya mawaziri hao waliwekwa mawaziri wasaidizi wapatao 50, na hapa upo ufundi ambao hauzungumzwi sana. Katika baadhi ya wizara, msaidizi alitoka upande wa pili. Orwa Ojodeh wa ODM aliwekwa kwa Profesa Saitoti katika Usalama wa Ndani. Oburu Oginga, kaka yake Waziri Mkuu, aliwekwa Fedha. Ulikuwa ni ulinzi wa kuangaliana. Wasaidizi wengi walilalamika kwamba hawapewi kazi, jambo lisiloshangaza.

Gharama nyingine ilikuwa Bungeni. Bunge la Kumi lilikuwa na wabunge 222. Ukijumlisha mawaziri na wasaidizi wao, zaidi ya thuluthi moja walikuwa serikalini, na vyama vyote vikubwa vilikuwa upande mmoja wa ukumbi. Kazi ya kuikosoa serikali iliangukia wabunge wa viti vya nyuma. Hata hivyo walithubutu: Julai 2008 Bwana Kimunya aling'atuka kutoka Fedha baada ya Bunge kupitisha hoja ya kutokuwa na imani naye kuhusu mauzo ya hoteli ya Grand Regency.

Swali lililobaki lilikuwa moja: nani anaweza kumfuta waziri? Sheria ilisema waziri aliyependekezwa na chama hawezi kuondolewa bila Rais kushauriana na kiongozi wa chama hicho na kupata idhini yake kwa maandishi. Waziri Mkuu alipewa mamlaka ya kuratibu na kusimamia shughuli za serikali. Je, kusimamia ni pamoja na kusimamisha? Jibu lilitafutwa Jumapili, Februari 14, 2010. Bwana Odinga alitangaza kuwasimamisha kazi kwa miezi mitatu Bwana Ruto wa Kilimo na Profesa Sam Ongeri wa Elimu, kutokana na kashfa za mahindi na za fedha za elimu ya msingi bila malipo. Wote wawili walikanusha kuhusika. Siku hiyo hiyo Rais alibatilisha uamuzi huo, akisema Waziri Mkuu hana mamlaka hayo.

Ukiisoma sheria kwa makini, utaona kwamba kwa Bwana Ruto idhini ya kiongozi wa chama ilikuwapo. Kilichokosekana ni kalamu ya Rais. Kwa Profesa Ongeri, aliyekuwa upande wa Rais, vyote viwili vilikosekana. ODM kilisusia vikao vya Baraza na kumwomba Bwana Annan aingilie kati. Bwana Ruto alikuja kuondolewa barazani Agosti 2011, pale Rais na Waziri Mkuu walipokuwa wameafikiana.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 iliufunga mlango huo. Mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22, na asiwe mbunge hata mmoja. Vifungu vya mpito viliiacha serikali ya mseto imalize muda wake.

Ugawaji wa viti, hata hivyo, ulirejea kwa njia nyingine. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alilivunja baraza lake na kuwateua wanasiasa wa ODM: John Mbadi akapewa Hazina, Opiyo Wandayi Kawi, Hassan Joho Madini na Uchumi wa Bahari, Wycliffe Oparanya Vyama vya Ushirika. Machi 7, 2025 UDA na ODM zilitia saini makubaliano ya ushirikiano. Safari hii Hazina ilikwenda kwa ODM, jambo ambalo chama hicho hakikulipata mwaka 2008. Lakini makubaliano ya 2025 hayakupitishwa na Bunge kuwa sheria kama yale ya 2008, na chini ya Katiba Rais anaweza kumfuta waziri bila kuhitaji barua ya kiongozi wa chama chochote.