Helikopta ya Rimoti: Mikono Ijifunze Kwanza, Pesa za Kikundi Zingoje

Vijana wa vikundi vyetu, kutoka Diani mpaka Msambweni, wanatuuliza: je, kikundi kinaweza kununua ndege ndogo ya kupiga picha, ile inayoongozwa kwa rimoti, kipate kazi za arusi za ufuoni au za kutazama mikoko kutoka juu? Fikira si mbaya. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa kuzirusha. Lakini ndege ya kamera ni bei ya ng'ombe, na pesa hizo ni za akina mama wanaochanga kila wiki. Ikianguka siku ya kwanza, mkutano wa Jumapili utakuwa mgumu kweli kweli.

Kwa hiyo tunashauri muanze na helikopta ya kuchezea, bei ya kuku watatu au wanne. Ndege ya mapanga manne ina kompyuta ndani inayoituliza ukiiachilia. Helikopta haikusamehei hivyo, na ndiyo sababu inafundisha mikono.

Mapanga ya juu yakizunguka husukuma hewa chini, na helikopta hupanda. Shida ni kwamba mwili wake nao hutaka kuzunguka upande wa pili. Ndiyo maana helikopta kubwa ina kipanga kidogo mkiani, cha kuuzuia. Mwanafunzi asinunue ya namna hiyo. Atafute yenye mapanga jozi mbili, moja juu ya nyingine, zikizunguka kinyume: hizo huzuiana zenyewe na helikopta hutulia. Tena aulize kama rimoti ni ya redio. Zile za bei ya chini kabisa hutumia mwali kama wa rimoti ya televisheni, na ukitoka nayo juani, haisikii.

Sasa mazoezi. Katika rimoti nyingi kijiti cha kushoto hupandisha, hushusha na kugeuza pua. Cha kulia hupeleka mbele na nyuma, na kando kama helikopta yako ina uwezo huo. Iweke chini, mkia ukikuelekea wewe. Inyanyue kiasi cha goti, itulize, ishushe. Basi. Rudia hivyo siku nyingi kabla ya kwenda popote, maana kutulia hewani mahali pamoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Pua ikikuelekea, kushoto kunakuwa kulia, na hapo ndipo wengi huvunja. Msione haya kwenda polepole. Igor Sikorsky, aliyeunda helikopta yake kule Marekani mwaka 1939, aliifunga kwa kamba isipae mbali, na hakuiachia huru mpaka mwaka 1940. Naye alikuwa fundi wa ndege miaka mingi!

Ninyi fungeni vijiti viwili vyepesi vya chelewa, vipishane kama msalaba, chini ya miguu yake, na kila ncha mpira wa tebo tenisi. Haitapinduka ovyo. Watu wakae mbali, watoto hasa: mapanga hayo hukata kidole na hupofusha jicho.

Mahali pazuri pa kuanzia ni ndani, kama ukumbi wa kanisa siku isiyo na ibada (mwombeni mzee wa kanisa, na mabenchi myarudishe). Nje, ni alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka. Sisi tulijaribu alasiri moja wakati wa kusi, ati upepo ni mdogo. Wapi! Iliruka juu ya mwembe na hatukuiona tena. Ufuoni pia hapafai, mchanga na chumvi huingia kwenye meno ya gia.

Betri ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Hizi za lithiamu zikivimba au zikitobolewa huweza kuwaka moto ghafula, na nyumba zetu nyingi ni za makuti. Usichaji juu ya mkeka wala usiku ukiwa umelala. Iweke katika sufuria kuukuu yenye mchanga, mbali na paa, mtu akiwa macho. Iliyovimba isichajiwe tena.

Mkifika kwenye ndege ya kamera, jueni sheria. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinataka ndege isiyo na rubani iandikishwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), na kuiingiza nchini ni kwa kibali. Kazi ya malipo nayo inataka cheti. Ukunda pana uwanja wa ndege zenye abiria, kwa hiyo Diani si mahali pa kurusha bila idhini, hata kwa arusi ya ndugu. Waulizeni KCAA kabla ya kutoa pesa, maana mzigo ukizuiliwa bandarini ni hasara ya wote.

Na mnaponunua ile ndogo, ombeni dukani mapanga ya akiba na gia. Yatavunjika wiki ya kwanza, na asiye na akiba hukaa mwezi mzima akiitazama tu.