Daktari na Mhandisi Chini ya Paa Moja

Ukimwuliza mtoto wa shule angependa kuwa nani akimaliza masomo, mara nyingi atakujibu: daktari, au injinia. Wazazi nao hulifurahia jibu lolote kati ya hayo mawili. Lakini ni nadra kumsikia mtoto akisema kwamba atakuwa vyote viwili, maana twadhani njia hizo hazikutani. Mmoja huenda hospitali kutibu watu. Mwenzake huenda kwenye daraja, karakana au kituo cha stima.

Hata hivyo, vyuo vikuu vingi siku hizi vina idara ambamo njia hizo hukutana. Somo lake huitwa uhandisi wa tiba. Wasomi wa idara hizo huushughulikia mwili wa binadamu kama madaktari, lakini huutazama kwa jicho la mhandisi. Kwao moyo ni pampu, mishipa ya damu ni mifereji, mifupa ni nguzo, na neva ni nyaya zipitishazo habari.

Kila mtu aliyewahi kupigwa picha ya eksirei, au aliye na jamaa anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimeshindwa, ameonja matunda ya elimu hiyo. Lakini daktari na mhandisi hawakukutana kwa urahisi. Ili kuona jinsi walivyokutana, yafaa tutazame chuo kimoja kilichotangulia katika kazi hii, nacho ni Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, Marekani.

STIMA ILIPOUA

William Kouwenhoven alizaliwa New York mwaka 1886. Alisomea uhandisi wa umeme, na mwaka 1914 akaanza kufundisha Johns Hopkins. Siku hizo stima ilikuwa ikienea mijini kwa kasi, na mafundi waliopanda nguzo kutengeneza nyaya walikuwa wakifa. Makampuni ya umeme yakataka kujua: stima hufanya nini ndani ya mwili hata mtu mwenye nguvu zake akate roho papo hapo?

Swali hilo halikuwa la daktari peke yake, wala la mhandisi peke yake. Daktari aliujua moyo lakini hakuijua stima. Mhandisi aliijua stima lakini hakuujua moyo. Basi Kouwenhoven akaungana na madaktari wawili wa chuo chake, Donald Hooker na Orthello Langworthy.

Moyo mzima hupiga kwa mpango, nyuzi zote za msuli wake zikijikaza pamoja. Stima ikiupita, mpango huo huvurugika. Kila uzi hucheza kivyake, kama watu wanaovuta kamba moja bila ya mwimbishaji. Moyo hutetemeka tu, na damu haiendi. Baada ya dakika chache ubongo huanza kuharibika.

Ajabu ni kwamba stima ndiyo iuuayo moyo, na stima ndiyo iwezayo kuuamsha. Mshtuo mkali wa mara moja huzinyamazisha nyuzi zote, na moyo hupata nafasi ya kuanza upya kwa mpango wake. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Jambo hilo lilikuwa limegunduliwa Geneva mwaka 1899 na Prevost na Battelli, lakini halikutiwa maanani. Mwaka 1933 Hooker, Kouwenhoven na Langworthy walilithibitisha kwa mbwa wa majaribio.

Mwaka 1947 daktari Claude Beck wa Cleveland aliuokoa kwa njia hiyo moyo wa kijana wa miaka 14 aliyekuwa akipasuliwa. Hata hivyo, Beck alikuwa amekwisha kukifungua kifua na kuuona moyo. Je, fundi aliyeanguka chini ya nguzo barabarani angesaidiwaje? Nani angempasua kifua pale pale?

MSTAAFU ASIYEPUMZIKA

Kouwenhoven alipanda cheo hata akawa mkuu wa kitivo cha uhandisi. Alipostaafu katikati ya miaka ya 1950, hakwenda nyumbani kupumzika. Alihamia katika idara ya upasuaji ya chuo hicho hicho, ambako mkuu wake, Profesa Alfred Blalock, alimpa nafasi ya kufanyia majaribio.

Blalock alikuwa ameshaonja faida ya mikono ya fundi. Tangu mwaka 1930 alikuwa akifanya kazi na Vivien Thomas, kijana Mwamerika Mweusi aliyekuwa fundi seremala na aliyekosa fedha za kuendelea na masomo ya juu. Thomas ndiye aliyefanya majaribio mengi na kutengeneza vyombo vilivyowezesha upasuaji wa watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo, ambao miili yao hugeuka rangi ya buluu kwa kukosa hewa safi katika damu. Upasuaji wa kwanza wa namna hiyo ulifanywa tarehe 29 Novemba 1944, kwa wazo la daktari wa watoto Helen Taussig. Blalock alishika kisu, na Thomas akasimama nyuma yake juu ya kibao akimwelekeza. Licha ya hayo, kwa miaka mingi Thomas aliandikwa na kulipwa kama mfagiaji.

Ndivyo fundi alivyoingia hospitali zamani. Aliingia kwa mlango wa nyuma, na jina lake halikutajwa. Chuo kilimpa Thomas shahada ya heshima mwaka 1976 tu.

Kouwenhoven alitafuta njia ya kuushtua moyo kwa nje, kifua kikiwa kimefungwa. Mwaka 1957 mashine yake ilikuwa tayari kutumiwa kwa wagonjwa. Ilikuwa nzito sana, ya kusukumwa kwa magurudumu, nayo ilipitisha stima kwa vibamba viwili vilivyokandamizwa kifuani.

Mwaka 1958 kijana mhandisi aliyekuwa akimsaidia, Guy Knickerbocker, aliona jambo dogo. Mbwa wa majaribio alikuwa ameunganishwa na kipimo cha msukumo wa damu. Vibamba vile vizito vilipobonyezwa kifuani, kipimo kilipanda hata kabla ya stima kupitishwa. Moyo ulikuwa hausukumi, lakini damu ilisogea.

Hapo ndipo swali la pampu lilipojitokeza. Ikiwa kubonya kifua kwa nje huisukuma damu, je, mikono mitupu haitoshi? Kouwenhoven na Knickerbocker walishirikiana na daktari wa upasuaji James Jude kutafuta mahali pa kubonya, nguvu ya kutumia na mwendo wa kufuata. Tarehe 9 Julai 1960 walichapisha habari zao katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kati ya wagonjwa 20 waliobonywa vifua baada ya mioyo yao kusimama, 14 walipona.

Katika miaka hiyo hiyo, mjini Baltimore, daktari Peter Safar alikuwa ameonyesha faida ya kumpulizia mgonjwa pumzi mdomo kwa mdomo. Mambo hayo mawili yalipounganishwa, ukapatikana msaada wa kwanza unaofundishwa leo duniani kote. Mwokozi huweka mikono katikati ya kifua cha mtu mzima, akabonya kwa kina cha angalau sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike.

Mwaka 1969 shule ya udaktari ya Johns Hopkins ilimtunukia Kouwenhoven, mhandisi wa umeme, shahada ya heshima ya udaktari. Alikuwa na umri wa miaka 83. Alifariki mwaka 1975.

KWA NINI IDARA?

Huenda msomaji akauliza: ikiwa watu hawa walifaulu bila ya idara maalum, ya nini kuianzisha? Jawabu ni kwamba walikutana kwa bahati. Lau Blalock angemfungia mlango mzee yule mstaafu, nani ajuaye ni miaka mingapi ingalipita kabla ya mtu mwingine kukiona kipimo kile kikipanda? Urafiki wa watu wawili hufa pamoja nao, lakini idara huendelea kuwakutanisha watu waliokuwa hawajazaliwa.

Mwaka 1970 uhandisi wa tiba ulifanywa idara kamili Johns Hopkins, chini ya uongozi wa daktari Richard Johns. Idara hiyo ni mtoto wa wazazi wawili, yaani shule ya udaktari na shule ya uhandisi. Wanafunzi wake husoma hesabu, umeme na mitambo, na papo hapo husoma jinsi chembe hai, moyo, mapafu na neva zinavyofanya kazi. Kisha hugawanywa katika vikundi na kukutanishwa na madaktari, ili wasikie shida za wodini kabla hawajaanza kuchora mashine yoyote.

Mpango huo una maana kubwa. Mhandisi asiyeijua wodi aweza kutengeneza chombo kizuri ambacho muuguzi hawezi kukitumia usiku wa manane akiwa na wagonjwa arobaini. Daktari asiyejua uhandisi naye aweza kuvumilia shida miaka ishirini, akidhani haina dawa.

Mji huo ulizidi kuona matunda. Mwezi wa Februari 1980, katika hospitali ya Johns Hopkins, mgonjwa alitiwa mwilini kwa mara ya kwanza kifaa kidogo cha kuushtua moyo wenyewe unapovurugika. Kilibuniwa na daktari Michel Mirowski, wa hospitali nyingine ya Baltimore, pamoja na wahandisi. Mashine iliyokuwa ikisukumwa kwa magurudumu mwaka 1957 sasa ilikaa ndani ya mwili wa mtu.

MASHINE ZISIZOFANYA KAZI

Sisi huku Afrika habari hizi zatuhusu sana. Hospitali zetu nyingi hutegemea mashine zilizotengenezwa mbali, kwa ajili ya mahali ambapo stima haipotei, chumba kina kiyoyozi na vipuri hupatikana kwa simu moja. Zikifika kwetu, stima ikipanda na kushuka huziunguza, vumbi huziziba, na kitabu cha maelezo huwa kimeandikwa kwa lugha isiyojulikana na yeyote hospitalini.

Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walichapisha hesabu za mashine zaidi ya 110,000 katika hospitali za nchi maskini. Kiasi cha asilimia 38 kati yake hazikuwa zikifanya kazi. Mashine iliyokufa na kufunikwa shuka pembeni mwa wodi haina tofauti na mashine ambayo haikununuliwa, ila tu kwamba fedha zimekwisha kutoka.

Mfano wa dawa ya ugonjwa huu watoka Malawi. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao hupata taabu ya kupumua, kwa sababu vifuko vidogo vya mapafu yao hujifunga kila wanapotoa pumzi. Huhitaji hewa yenye msukumo mdogo wa kuvizuia visijifunge. Mashine za kazi hiyo zilikuwa ghali mno kwa hospitali nyingi.

Wanafunzi na walimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, huko Texas, wakishirikiana na madaktari wa hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, walijaribu pampu ndogo za hewa zitumiwazo katika matangi ya samaki wa mapambo. Mfereji wa hewa hupita puani mwa mtoto, na mwisho wake huzamishwa katika chupa ya maji. Kadiri mfereji unavyozama, ndivyo msukumo unavyozidi. Muuguzi huona mapovu yakitoka, akajua kwamba kazi yaendelea.

Chombo hicho kiliitwa Pumani, neno la Kichewa ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa, kwani ni ndugu ya “pumua” yetu. Matokeo ya majaribio ya Blantyre yalichapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto waliotumia chombo hicho, asilimia 71 waliishi. Kati ya wale waliopewa oksijeni ya kawaida puani, waliishi asilimia 44. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2019 ulianzishwa mpango mkubwa wa vifaa vya kuwatunza watoto wachanga katika Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria.

Jambo la kutia maanani ni kwamba chombo hicho hakikubuniwa na mtu aliyekaa Texas akakisia shida za Blantyre. Madaktari wa wodi ile walikuwamo katika kazi yenyewe. Ni somo lile lile la Baltimore, ila safari hii mhandisi alivuka bahari ili amkute daktari.

Lakini hatuwezi kungoja kila mara mhandisi avuke bahari. Vyuo vikuu kama Kenyatta hapa kwetu, na Makerere huko Uganda, vinafundisha uhandisi wa tiba hadi shahada, na chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, huwafunza mafundi wa mitambo ya hospitali. Vijana wapo, na akili wanazo. Linalobaki ni kuwapa mahali pao pa haki.

Hospitali inapotaka kununua mashine, mhandisi wake aulizwe kabla ya fedha kutolewa, si aitwe na bisibisi mkononi baada ya mashine kufa. Anayejua hali ya stima yetu, vumbi letu na bei ya vipuri vyetu ndiye awezaye kusema kama chombo kitadumu. Na anapoitengeneza mashine ya kumpa mtoto hewa, jina lake na liandikwe pamoja na la daktari na la muuguzi, maana mtoto yule ameokolewa na wote watatu.