Mbwa na Msongo wa Mawazo wa Mwanafunzi

Msimu wa mitihani umekaribia, na kama kawaida tumeanza kuwasikia wanafunzi wakilalamika kwamba kichwa kimejaa. Miongoni mwao wamo wanaosoma hapa Mbarara huku jamaa zao wakiwa Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyofunguliwa mwaka 1958. Hao hubeba mizigo miwili: masomo na ada upande mmoja, na hali ya nyumbani upande wa pili. Hali hiyo tunaiita msongo wa mawazo. Katika toleo hili tunaeleza njia moja ya kuupunguza ambayo huenda ikawashangaza wengi: kukaa na mbwa.

Mtu akiwa na wasiwasi, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli. Ikizidi kwa muda mrefu, usingizi huvurugika na kumbukumbu hudhoofika. Mwaka 2019, watafiti wa Washington State University, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya wanafunzi 249. Kundi moja liliwapapasa mbwa na paka kwa dakika 10. Makundi mengine yaliwatazama wenzao tu, yalionyeshwa picha za wanyama hao, au yalisubiri zamu. Mate yao yalipopimwa, waliopapasa walionekana kuwa na kotisoli kidogo kuliko wengine. Kumbe kutazama hakutoshi; mkono lazima uguse.

Jambo hili si la Wazungu peke yao. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Francis Okello Oloya, aliyepofushwa utotoni na bomu lililosalia vitani, alianzisha Comfort Dog Project. Watu waliojeruhiwa nafsi na vita huoanishwa na mbwa waliochanjwa, kisha hufundishwa kuwatunza na kuwazoeza. Anayemtunza mbwa hupata sababu ya kuamka asubuhi.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Kwanza, kichaa cha mbwa kingali kinaua: dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona. Mbwa asiyejulikana chanjo yake asiguswe. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pili, wapo wenzetu Waislamu wanaoyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na wapo waliokimbia vita ambao mbwa huwakumbusha walinzi na askari. Asilazimishwe mtu. Tatu, mbwa hachukui nafasi ya mshauri nasaha wala daktari.

Pendekezo letu ni dogo: mbwa mmoja mpole, mwenye cheti cha chanjo na mwenyewe akiwapo, wanafunzi watatu kwa zamu, dakika 10 kila zamu, na mbwa apewe maji na mapumziko.

Kwa wanaojifunza Kiswahili kuna faida ya ziada. Mwambieni mbwa "njoo", "kaa", "lala" bila aibu. Yeye hasahihishi ngeli. Na mwenzenu kutoka Kongo akisema "imbwa", msimcheke. Ni mnyama yule yule, na faraja ni ile ile.

Tunawatakia mitihani mema.