Jumbe za kero: hakuna zawadi ya kuripoti, lakini kuna fidia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inalia. Ni ujumbe wa kampuni ya mikopo: mtu fulani anadaiwa, mwambie alipe leo, la sivyo hatua itachukuliwa. Mwenye simu hajawahi kukopa huko, hakuombwa kuwa mdhamini, wala hajui nambari yake ilifikaje kwa kampuni hiyo. Mchana unaingia ujumbe wa kamari. Jioni inakuja barua pepe ya kazi ya ng'ambo inayodai ada ya fomu.

Dandora, kuanzia Phase 1 hadi Phase 5, wengi wakipata jumbe kama hizi huzifuta na kuendelea na shughuli zao. Kuripoti kunaonekana kuwa kupoteza muda na nauli, maana anayeripoti hapati kitu.

Hilo ni kweli kwa upande mmoja tu. Hakuna sheria ya Kenya inayomwekea zawadi mtu anayewafichua watumaji wa jumbe za kero. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa aliyeathiriwa haki ya kulipwa fidia, na si lazima awe amepoteza pesa. Sheria hiyo inatambua pia usumbufu wa moyo.

Wazo la kuwalipa watoa habari lilichunguzwa kwa makini nchini Marekani. Bunge la huko lilipopitisha sheria ya kudhibiti barua pepe za kero mwaka 2003, liliitaka Tume ya Biashara kutathmini mpango wa kumpa mfichuzi asilimia 20 au zaidi ya faini itakayopatikana. Ripoti ya tume ilitoka Septemba 2004. Ilieleza kwamba mpokeaji wa kawaida huwa hamjui mtumaji, kwa kuwa watumaji hujificha. Wanaojua ni watu wa ndani, wale wanaofanya kazi naye au waliowahi kufanya naye, na ili wathubutu kusema huenda zawadi ikahitaji kuwa kati ya dola 100,000 na 250,000. Mpango huo haukuanzishwa. Hapa Kenya, zawadi ya aina hiyo ipo kwenye kodi: KRA humlipa anayefichua ukwepaji asilimia 5 ya kodi iliyopatikana, isiyozidi Sh5 milioni.

Hoja ya watu wa ndani ina uzito mitaani pia. Nambari ya simu huandikwa kwenye daftari la wakala wa pesa, kitabu cha wageni langoni, fomu ya shule, na orodha ya wateja dukani. Mpokeaji wa ujumbe hawezi kujua ni daftari gani lililovuja. Karani aliyeona orodha ikipigwa picha anajua. Kanuni za mwaka 2021 za kushughulikia malalamishi zinaruhusu malalamishi kuwasilishwa bila kutaja jina, kwa hivyo mfanyakazi wa aina hiyo anaweza kutoa habari pasipo kujianika kwa mwajiri. Asitarajie malipo, kwani fidia ni ya yule ambaye taarifa zake zilitumiwa vibaya.

Malalamishi hupokelewa na Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hiyo ni taasisi ya kitaifa, si idara ya kaunti, na makao yake ni Britam Tower, Upper Hill. Anayetumia intaneti anaweza kuwasilisha kupitia odpc.go.ke. Asiyependa kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na sheria inaitaka afisi iyaweke malalamishi yake kwenye maandishi. Uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90.

Kinachoamua kesi ni ushahidi, na hapa ndipo kufuta ujumbe kunapomgharimu mkazi. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina au nambari ya mtumaji, tarehe na saa. Barua pepe iachwe kama ilivyo, kwa sababu ndani yake mna taarifa za mahali ilikotoka. Kabla ya kulalamika, mwandikie mtumaji aache, kisha uhifadhi ujumbe huo. Kampuni inayotangaza bidhaa kwa simu au barua pepe inatakiwa kuwa na idhini ya mwenye nambari na kumpa njia rahisi ya kujiondoa. Ikiendelea kutuma baada ya kuambiwa iache, imejiweka pabaya yenyewe.

Malalamishi ya watu wa kawaida yamewahi kuzaa matunda. Septemba 2023, afisi hiyo iliitoza faini ya Sh2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, inayomiliki programu za mikopo za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho na kupiga simu. Faini si pesa ya mlalamishi. Fidia ni suala la kando, na anayeitaka aiombe waziwazi katika malalamishi yake, akieleza alivyoumia: aliyeaibishwa mbele ya mwajiri, kwa mfano, aseme hivyo.

Mikopo ya simu ina ulinzi wa ziada. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Kwa hivyo jirani au shemeji anayepigiwa simu kila siku kuhusu deni lisilo lake ana haki ya kulalamika mwenyewe, hata kama mdaiwa anaona haya.

Ujumbe wa ulaghai, ule unaoomba PIN au "kurudisha pesa zilizotumwa kimakosa", ni kosa la jinai na hushughulikiwa tofauti. Wateja wa Safaricom wautume bila malipo kwa 333. Aliyekwisha kupoteza pesa apige ripoti katika kituo cha polisi na asiondoke bila nambari ya OB. Kwa matangazo ya kawaida tu, mteja wa Safaricom anaweza kujiondoa kwa kubonyeza *456*9*5#.

Na iwapo utaingia ujumbe unaodai kwamba serikali inawalipa wanaoripoti jumbe za kero, na kwamba mpokeaji atume kwanza ada ya usajili, huo nao upigwe picha ya skrini na kutumwa 333.