Mtoto asiyetulia: tumhukumu au tumchunguze?



Wazee wetu walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hilo ni la kweli, nasi hatulipingi. Lakini wengi hulitumia vibaya. Wakimwona mtoto wa jirani anarukaruka, hasikii anapoitwa, anapoteza kalamu kila siku, husema mara moja: «Huyu hakulelewa.» Mama yake huona haya. Baba yake huchukua fimbo. Mwalimu humtoa darasani. Na katika miji yetu ya Kongo pengine husikika neno baya kuliko yote: «Huyu ni mchawi.»

Leo twataka kusema nanyi juu ya watoto hao, na juu ya watu wazima waliokuwa watoto wa namna hiyo. Maana kati yao wapo wengi ambao hawakukosa malezi, wala hawakukosa akili. Wana kasoro katika ukuaji wa ubongo, ambayo waganga huiita upungufu wa makini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Waganga wetu waliosoma kwa Kifaransa huitaja kwa herufi nne: TDAH. Kasoro hiyo yaweza kutambuliwa, lakini kwa utaratibu. Anayemhukumu mtoto kwa siku moja hukosa. Na anayempa jina la ugonjwa kwa siku moja hukosa vilevile.

Si jambo jipya

Wengine hudhani kwamba ugonjwa huu umezuliwa juzi. Sivyo. Mwaka 1902, mjini London, mganga wa watoto George Still alitoa hotuba tatu mbele ya waganga wenzake. Aliwaeleza habari za watoto wenye akili nzima, ambao hata hivyo hawakuweza kutuliza fikira wala kuzuia tamaa ya saa ile ile. Still alidhani kwamba kilichopungua ndani yao ni uwezo wa kujitawala katika mema na mabaya. Hata hivyo aliona tayari kwamba adhabu haikuwageuza: mtoto aliyeadhibiwa alirudia kosa lile lile baada ya saa chache.

Mwaka 1937, huko Marekani, mganga Charles Bradley aliwapa dawa moja watoto 30 wa hospitali yake. Karibu nusu yao walianza kufanya kazi ya shule vizuri kwa namna iliyomshangaza. Basi, watu wakaanza kufahamu kwamba jambo hili lina mizizi mwilini.

Tangu hapo elimu imeendelea. Mwaka 1968 kitabu cha waganga wa akili wa Marekani kilitaja mtoto mtukutu tu. Mwaka 1980 kilisahihishwa: kikasema kwamba shina ni upungufu wa makini, na kwamba mtoto aweza kuwa nao pasipo utukutu wowote. Mwaka 2013 kikaeleza wazi namna ya kumtambua mtu mzima. Nalo Shirika la Afya Duniani limeutaja ugonjwa huu kwa jina hilo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Je, watoto wa namna hii ni wengi? Katika dunia nzima huhesabiwa kama 5 kati ya 100. Na kwetu Kongo? Uchunguzi uliofanywa katika shule za Kinshasa, na kutangazwa mwaka 2005, ulipata kama 6 kati ya 100. Hesabu hiyo ilitoka katika majibu ya walimu, haikutoka katika vipimo vya mganga mbele ya kila mtoto. Hata hivyo yatufundisha kwamba jambo hili si la Wazungu peke yao. Mwalimu mwenye watoto 60 mbele yake anaweza kuwa na watatu wa namna hii, bila kujua.

Breki iliyochelewa

Tuchukue mfano wa baiskeli. Baiskeli yaweza kuwa na magurudumu mazuri na mnyororo mpya. Ikikosa breki, itaanguka mteremkoni. Ubongo nao una breki yake. Sehemu za mbele, nyuma ya paji la uso, ndizo zinazotusaidia kungoja, kukumbuka agizo, na kuacha jambo tamu kwa ajili ya jambo la lazima. Mwaka 2007 wachunguzi wa Marekani walitangaza kwamba, katika watoto wengi wenye TDAH, ganda la ubongo lilichelewa kukomaa kwa miaka kama 3, hasa katika sehemu hizo za mbele. Kwa hiyo mtoto wa miaka 10 aweza kujizuia kama mtoto wa miaka 7, ingawa kwa kuwaza yuko sawa na wenzake.

Kasoro hii hurithiwa sana. Mara nyingi, ukimwuliza bibi, atakuambia: «Baba yake naye alikuwa hivi hivi.» Kuzaliwa kabla ya wakati, au kwa uzito mdogo, huongeza hatari. Uchawi haumo. Sukari nayo haimo. Malezi mabaya hayauleti ugonjwa huu, ijapokuwa yaweza kuuzidisha.

Kuna jambo moja linalowadanganya wazazi wengi. Mtoto huyu, asiyeweza kukaa dakika kumi mbele ya daftari, aweza kucheza mpira saa tatu, au kutazama simu mpaka usiku. Wazazi husema: «Kumbe akitaka, anaweza!» Lakini jambo lipendezalo huishika akili kwa nguvu zake lenyewe. Ugumu huonekana pale mtu anapopaswa kujishika mwenyewe, katika kazi ndefu isiyo na utamu.

Alama za kutazama

Waganga hugawanya alama katika mafungu mawili, kila fungu lina alama 9.

Fungu la kwanza ni la makini. Mtoto hukosea kwa uzembe katika hesabu anazozijua, hachukui muda na jambo moja, huonekana hasikii hata akisemeshwa uso kwa uso, huanza kazi asiimalize, hana utaratibu, hukwepa kazi ya kufikiri kwa muda mrefu, hupoteza vitu vyake, huvutwa na kila sauti inayopita, husahau mambo ya kila siku.

Fungu la pili ni la utukutu na pupa. Mikono na miguu haitulii, huondoka mahali pake darasani, hukimbia na kupanda mahali pasipofaa, hawezi kucheza kimya, huwa kama gari lisilozimwa, husema mno, hujibu kabla swali halijaisha, hawezi kungoja zamu yake, huingilia maneno na michezo ya wengine.

Soma orodha hiyo polepole, nawe utasema: «Lakini watoto wote ndivyo walivyo!» Ni kweli. Kwa sababu hiyo alama peke yake hazitoshi, na mganga hudai masharti haya:

La kwanza: alama ziwe 6 au zaidi katika fungu moja, au katika yote mawili, na ziwe zimedumu kwa miezi 6, kupita kiasi cha watoto wa umri wake.

La pili: baadhi yake ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12.

La tatu: zionekane mahali pawili au zaidi. Mtoto aliye mtulivu nyumbani, lakini mtukutu kwa mwalimu mmoja tu, huenda shida yake iko katika darasa lile.

La nne: ziwe zinaharibu kweli masomo yake, urafiki wake, au maisha ya nyumbani.

La tano: pasiwe na sababu nyingine inayozieleza vema zaidi.

Hakuna kipimo cha damu, wala picha ya kichwa, iwezayo kutoa jibu. Mganga huuliza wazazi, huuliza mwalimu, hutazama madaftari ya miaka iliyopita, humchunguza mtoto mwenyewe. Anayedai kuutambua ugonjwa huu kwa kumtazama mtoto dakika tano, msimsadiki.

Tuongeze neno juu ya wasichana. Katika utoto, wavulana wanaotambuliwa ni wengi kuliko wasichana, kama wawili kwa mmoja. Sababu moja ni kwamba msichana mara nyingi ana fungu la kwanza tu. Hapandi mezani, hapigani. Anakaa kimya kando ya dirisha, macho ubaoni, fikira mbali. Kwa kuwa hamsumbui mtu, hakuna amtazamaye, mwisho wa mwaka huanguka, nasi husema: «Hana akili.»

Mambo yanayofanana nao

Sharti lile la tano ni kubwa katika nchi yetu. Mtoto asiyesikia vizuri kwa sababu ya usaha wa masikio huonekana kama mkaidi. Asiyeona ubao huacha kuutazama. Mwenye njaa, mwenye upungufu wa damu, asiyelala usiku, wote hukosa makini. Kuna kifafa cha namna ndogo: mtoto hakai chini wala haanguki, bali hupotewa na fahamu kwa sekunde chache, kisha huendelea. Tena, uchunguzi uliofanywa Uganda umeonyesha kwamba watoto waliopona malaria ya ubongo waweza kubaki na udhaifu wa makini kwa muda mrefu.

Na kuna vita. Mtoto aliyeona nyumba ikiteketea, au aliyekimbia na kulala msituni, hawezi kutulia. Hushtuka, hasomi, hukasirika upesi. Swali la kumwuliza mama ni hili: «Alianza lini?» Ikiwa alikuwa mtulivu mpaka siku ya msiba, basi kidonda chake ni kingine, na dawa yake ni nyingine. Kwa hiyo twaomba wazazi waanze kwa dispanseri: masikio, macho, damu, usingizi. Ni njia fupi na ya gharama ndogo.

Mtoto anapokuwa mtu mzima

Zamani waganga walidhani kwamba ugonjwa huu huisha mtu anapobalehe. Sasa twajua kwamba kwa wengi hauishi, bali hugeuza sura. Miguu hutulia, wasiwasi huingia ndani. Mtu huyo huchelewa kila mahali; huanza biashara tatu asimalize hata moja; hutumia mshahara kwa siku mbili; huahidi kwa moyo wote, kisha husahau. Mke wake hudhani hapendwi. Mkubwa wake humwita mvivu. Naye mwenyewe, tangu darasa la kwanza, amesadiki kwamba yeye ni mtu bure. Wengine hutafuta faraja katika pombe.

Watu wazima wenye hali hii huhesabiwa kama 2 au 3 kati ya 100. Wengi hujitambua siku wanapompeleka mtoto wao kwa mganga: baba anasikia maswali, anajiona mwenyewe. Kwa mtu aliyefika miaka 17, alama 5 zatosha, lakini lazima ithibitike kwamba zilianza utotoni. Basi, mganga atataka kusikia mama mzazi, kaka, au kuona karatasi za shule za zamani. Mtu aliyeanza kusahau akiwa na miaka 40 atafute sababu nyingine: huzuni nzito, pombe, kazi isiyo na kipimo, au ugonjwa wa mwili.

Tufanye nini?

Kwanza, tuache kumwita mtoto mchawi. Watoto watukutu na wasioeleweka ni kati ya wanaoshitakiwa hivyo, nao hupigwa, hushindishwa njaa, hutupwa barabarani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza mashitaka hayo na kuyaadhibu kwa kifungo. Mzazi asimruhusu mtu yeyote, hata akija kwa jina la sala, kumtendea mtoto wake hayo.

Pili, tubadili namna ya kuamuru. Usimwambie: «Chota maji, osha sahani, kisha ukasome.» Mwambie jambo moja, mkaribie, mwache alirudie kwa kinywa chake. Akilifanya, msifu pale pale. Sifa ya jioni imechelewa. Saa za kula, za kusoma na za kulala zisibadilike ovyo. Adhabu iwe ndogo, ya upesi, isiyo ya hasira.

Tatu, mwalimu amketishe mbele, mbali na mlango. Ampe hesabu tano, kisha tano nyingine, badala ya kumi kwa pamoja. Amtume kufuta ubao au kugawa madaftari, ili mwili upate njia yake. Mambo haya hayana gharama, hata katika darasa lenye watoto wengi.

Nne, dawa zipo, na kwa wengi husaidia sana. Lakini iliyo maarufu, metilifenidati, inalindwa kwa mapatano ya mataifa ya mwaka 1971. Haifai kununuliwa sokoni wala kuazimwa kwa jirani. Mganga ndiye aipimaye na kuifuata. Kwa watoto wadogo sana, huanza kwa kuwafundisha wazazi. Kinshasa iko hospitali ya Chuo Kikuu ya magonjwa ya akili na ya neva, na Mabruda wa Upendo wameanzisha vituo vya namna hiyo, kama Sosame huko Bukavu. Kumpeleka mtoto huko si aibu, wala si kusema kwamba ana wazimu.

Ninyi wanafunzi, mwenzenu anayecheleweshwa na akili yake msimcheke. Mkumbusheni daftari lake, mwonyesheni ukurasa. Nanyi wazazi, usiku huu, kabla ya kumhesabia mtoto makosa yake ya mchana, jiulizeni maswali matatu: Alianza lini? Hutokea wapi? Humzuia nini? Andikeni majibu katika karatasi, mkaichukue kwa mwalimu, kisha kwa mganga. Karatasi hiyo itamfaa mtoto wenu kuliko fimbo mia.