Dogi Kakojoa Geto? Weka Fimbo Chini

Oya wana, kuna ishu moja mtaani tunaipeleka kibabe sana: kumzoesha dogi mdogo kukojoa nje. Mpanda sasa hivi kila kona kuna msela kachukua katoto ka mbwa. Makanyagio, Kawajense, Nsemulwa, Majengo, kote. Mmoja anataka mlinzi wa pikipiki usiku, mwingine anataka kampani tu geto. Freshi kabisa. Noma inaanza wiki ya kwanza. Dogi kamwaga kwenye godoro, jamaa kachomoa ndala, kachapa, kamkandamiza pua kwenye mkojo, halafu jioni anatamba kijiweni eti kamnyoosha. Mwanangu, hujanyoosha kitu. Ulichomfundisha ni kwamba wewe ukiwepo, mkojo ni hatari. Kesho atakausha mpaka utoke, ataingia uvunguni, atamwaga huko, na utajua harufu ikishapanda.

Hii kitu inaniuma kwa sababu najua mwisho wake. Dogi anayechafua ndani hakai kwenye nyumba za kupanga. Mwenye nyumba anamaindi, wapangaji wanalalamika, dogi anafukuzwa akiwa hajafika hata miezi minne, anaenda kujiunga na masela wa jalalani. Huko kuna kuhara damu, kuna bodaboda, kuna mawe ya watoto, na siku halmashauri ikitangaza msako wa mbwa wazururaji ndiyo basi tena. Kisa? Alikosa mtu wa kumfungulia mlango kwa wakati.

Tuanze na kichwa cha dogo mwenyewe. Katoto ka mbwa kakizaliwa hakawezi hata kukojoa kwa nguvu zake. Mama anakalamba tumbo ndipo kamwage, na uchafu anaumaliza yeye. Kakifika kama wiki tatu, miguu ikianza kukaza, kanajiburuza kutoka pale wanapolala, kanaenda pembeni. Hakuna aliyekafundisha. Ile hali ya kukataa kuchafua pa kulala kanazaliwa nayo. Na si mbwa tu. Hata fisi wa Hifadhi ya Katavi wana vyoo vyao, ukoo mzima unarudi sehemu ile ile, na kinyesi kikikauka kinakuwa cheupe kama chokaa kwa ajili ya mifupa wanayotafuna. Kwa hiyo dogo akija geto ana mtaji tayari. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba chumba kizima ni pa kulala, siyo lile gunia lake tu.

Hapo ndipo kuna kipengele cha huku kwetu. Madogi wetu wengi wanazaliwa nje, nyuma ya banda la ng'ombe au chini ya kihenge, huko Kakese, Mwamkulu, Katumba. Kwenye wiki ya nane hivi nyayo za dogo zinakuwa zimeshazoea kitu cha kukojolea, na kwa dogo wa kijijini kitu hicho ni udongo. Kama geto lako lina sakafu ya saruji, umeula. Atahangaika kutafuta udongo, wewe unafungua mlango tu. Ila kama sakafu yako ni ya udongo, mwelewe: chini ya miguu yake ndani na nje ni kitu kile kile. Hafanyi jeuri. Tandika mkeka, kapeti la plastiki au hata kipande cha turubai sehemu yote anayokaa, ili mguu wake uhisi tofauti. Nimeona hiyo ikibadilisha mchezo kwa mshikaji ambaye alishaanza kutafuta mtu wa kumgawia dogi wake.

Halafu suala la umri. Watu wanachukua dogi macho yakishafunguka tu, wiki mbili tatu, kwa kuogopa kuwahiwa na wengine. Acha hiyo. Mwache kwa mama yake mpaka wiki ya nane. Pale anajifunza usafi, anajifunza kupima nguvu ya meno akicheza na wenzake, na anaendelea kunyonya. Ukimtoa mapema utakuwa na kidogi kinacholia usiku kucha na kisichojua mbele wala nyuma.

Sasa taimingi, maana ndiyo kila kitu. Kibofu cha dogo wa miezi miwili akiwa macho kinabana kama saa mbili, wa miezi mitatu kama tatu, na hapo ni akiwa ametulia. Akicheza, hesabu hiyo imekufa. Kuna nyakati ambazo lazima umtoe hata kama umemtoa sasa hivi: akiamka tu, akimaliza kula, akimaliza kunywa maji mengi, akitoka kwenye mchezo, na kabla hujazima taa. Asubuhi usianze na simu. Dogo amebana usiku mzima, na ukianza kusoma meseji zako atakumalizia hapo hapo mlangoni. Usiku kwa wiki za mwanzo amka mara moja, saa nane au saa tisa, mtoe kimya kimya bila michezo, arudi kulala. Inachosha, ni kweli. Lakini wiki chache za kukatisha usingizi zinakupa miaka kumi ya amani.

Chakula nacho kiwe na saa. Ukimwachia sufuria la ugali tangu asubuhi hadi jioni, tumbo lake halitakuwa na ratiba na wewe hutajua atatoka lini. Dogo wa miezi miwili mpe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, ugali laini na dagaa waliopondwa, dakika kumi na tano kisha toa chombo. Maziwa ya ng'ombe tunayomwaga kwa upendo yanawaharisha wengi, na hakuna dogi anayeweza kubana tumbo la kuhara. Maji usimnyime hata siku moja, joto la Septemba na Oktoba huku si la mchezo.

Jifunze kumsoma. Kaa naye hata nusu saa bila kushika simu, umcheki. Anacheza na ndala, ghafla anaiacha. Pua inashuka chini, anaanza kunusa kwa kasi, haendi mbele, anarudi pale pale. Anazunguka, mgongo unaanza kupinda, miguu ya nyuma inasogea mbele. Hapo una kama sekunde tatu. Usipige kelele. Mnyanyue, mbebe, toka. Dogi aliyebebwa kifuani mara nyingi hubana, ila ukimwambia atembee mwenyewe korido nzima, atamwaga katikati ya safari.

Nje mpeleke sehemu moja, ile ile kila siku, nyuma ya choo au pembeni ya mgomba. Harufu yake ya jana inamkumbusha. Simama kimya, usimrukie rukie. Chagua neno moja, "kojoa" linatosha, na wote mnaoishi hapo mlitumie hilo hilo. Akimaliza, hapo hapo, kabla hajapiga hatua tatu, mpe dagaa mkavu mmoja kutoka mfukoni na sifa za kutosha. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wapo sokoni, kifungu kimoja kinakupeleka muda mrefu. Watu wanakosea hapa: wanamsubirisha zawadi mpaka warudi ndani. Dogi anaunganisha zawadi na kitu alichofanya sekunde ile. Ukimpa mlangoni, anajua amelipwa kwa kurudi ndani. Na ndiyo maana fimbo ya baada ya tukio haisaidii. Umekuta mkojo wa saa nzima iliyopita, unampiga, yeye anachojua ni kwamba umerudi kutoka kazini ukiwa umechafukwa. Yale macho ya chini na mkia miguuni siyo kukiri kosa. Ni kukuogopa wewe. Na kama hilo halikugusi, basi jua nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na kumtesa mnyama ni kosa.

Kuna swali la muda ambao wewe hupo. Wengi wetu tuna mishe, hatuwezi kukaa geto kutwa. Tafuta tenga, lile la kubebea kuku au nyanya, likague lisiwe na msumari au fito iliyochongoka, tandika gunia. Liwe na nafasi ya yeye kusimama, kujigeuza na kujinyoosha, basi. Likiwa kubwa sana atakojoa kona moja na kulala kona nyingine. Likimtosha, ile tabia yake ya kutochafua pa kulala inafanya kazi kwa ajili yako. Ila tenga siyo jela. Dogo wa miezi miwili ukimfungia kuanzia asubuhi mpaka jioni atajikojolea tu, na akishazoea kulala kwenye mkojo umeua kile alichozaliwa nacho. Hapo ndipo kazi inakuwa ngumu kweli kweli. Kama hurudi mchana, omba mtoto wa jirani aje amtoe, au mwache uani penye uzio na kivuli. Bodaboda una bahati, unaweza kupita geto katikati ya abiria.

Na siku akimwaga ndani, maana atamwaga, safisha mpaka harufu iishe, kwa sababu pua yake itasikia kile ambacho yako imeshasahau. Kwenye saruji, kausha kwanza kwa majivu au maranda. Mafundi seremala wa mbao za mninga wanayo magunia kwa magunia, na wengi hawakudai hela. Zoa, kisha sugua kwa maji ya sabuni, suuza, malizia na siki. Kwenye sakafu ya udongo, kwangua ule udongo uliolowa, katupe, jaza mwingine mkavu, shindilia. Jiki usiimwage juu ya mkojo mbichi, mvuke wake kwenye chumba kidogo unachoma kifua. Osha mkojo kwanza, fungua dirisha.

Sasa majirani. Nyumba zetu tunazijua: vyumba vinatazamana, korido moja, bomba moja, choo uani. Na Mpanda ni mji wa watu wa kila dini. Kwa jirani Muislamu anayefuata madhehebu ya Shafii, na Waislamu wengi nchini ndio hao, mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa na mkojo au mate yake kinaoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sasa fikiria mama wa watu anatoka kuchukua udhu alfajiri, anakanyaga mkojo wa dogi wako koridoni. Hiyo siyo ishu ya kumwambia apotezee. Nenda kabla hujamleta dogi, bisha hodi. "Shikamoo mama. Nataka kuchukua mbwa mdogo. Nitampitisha mlango wa nyuma, ndoo na mkeka wako hatavisogelea, na akichafua popote niite mimi, hata usiku." Mara nyingi utajibiwa, "Marahaba mwanangu, ilimradi umwangalie." Halafu mwangalie kweli. Heshima hiyo inamlinda dogi kuliko mnyororo.

Kinyesi usikiache uani. Madogi wengi wanazaliwa na minyoo waliyoipata tumboni kwa mama, na mayai ya minyoo hiyo yakikaa kwenye udongo wiki mbili tatu yanaiva, yanamngoja mtoto anayecheza mchangani na kulamba vidole. Ukikizoa kila siku kwa jembe na kukitumbukiza chooni, yanakosa muda wa kuiva. Usikitupe kwenye bustani ya mchicha. Dawa ya minyoo anaanza akiwa na wiki mbili, kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu, na kipimo chake anakijua mtu wa mifugo. Kabla hajapata chanjo, choo chake kiwe ua wako tu, siyo jalala la mtaa, maana virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo kwa miezi mingi na dogo anaweza kuondoka ndani ya siku chache. Akifika miezi mitatu mpeleke kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hiyo haina mjadala. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, hata kidogi, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu hospitali mara moja.

Mvua zikianza Novemba utakutana na mtihani wa mwisho. Dogo aliyekuwa anatoka freshi anafika mlangoni, anaona maji, anageuka. Usimsukume nje ukafunga. Atasimama kwenye baraza akitetemeka, ukimfungulia atamwaga ndani. Tengeneza sehemu kavu chini ya upenu wa bati, mwaga maranda, chota na udongo kidogo wa pale alipozoea umwage juu, toka naye ukiwa umejifunika. Akimaliza, dagaa wawili badala ya mmoja. Na dume akifika miezi sita hivi akianza kunyanyua mguu kwenye kona za ndani, usidhani amesahau yote. Huyo anaweka alama, ujana umeingia. Muulize daktari wa mifugo kuhusu kuhasiwa, na wewe rudi kwenye ratiba ile ile ya mwanzo: akiamka, nje, akila, nje.