Urithi wa Kimya: Kiwewe cha Vita katika Riwaya ya Kazuo Ishiguro

Riwaya ya kihistoria si lazima isimulie vita vyenyewe. Aghalabu mtunzi huviacha vita nyuma akachunguza kinachosalia nyumbani baada ya silaha kunyamaza. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi Kazuo Ishiguro anavyousawiri urithi wa kiwewe, yaani jeraha la nafsi, katika riwaya yake ya kwanza, A Pale View of Hills (1982).

Ishiguro alizaliwa Nagasaki mwaka 1954, miaka tisa baada ya mji huo kuangushiwa bomu la atomiki tarehe 9 Agosti 1945. Mama yake alinusurika. Familia ilihamia Uingereza mwaka 1960.

Msimulizi wa riwaya, Etsuko, ni mjane Mjapani anayeishi Uingereza. Binti yake wa kwanza, Keiko, aliyezaliwa Japani, amejitia kitanzi. Wa pili, Niki, ambaye baba yake ni Mwingereza, amekuja kumtembelea. Dada hawa hawakupendana. Niki hata mazishini hakwenda. Hata hivyo, anashindwa kulala katika chumba kinachoelekeana na cha marehemu, naye anaomba kuhamia kingine. Hakuiona Nagasaki wala vita, lakini majonzi ya nyumba hiyo ni yake pia.

Je, majonzi hayo yanamfikiaje? Si kwa masimulizi, kwani mama hasemi. Badala ya kumzungumzia Keiko, Etsuko anakumbuka majira ya joto alipokuwa mjamzito Nagasaki, na jirani yake Sachiko aliyetaka kuhamia Marekani na mpenzi wake, ilhali bintiye mdogo, Mariko, hataki. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa Etsuko, kinachomfichua ni sarufi.

Karibu na mwisho, Etsuko anambembeleza Mariko akubali safari. Ghafla anasema kana kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayesafiri na mtoto huyo. Kwa Kiswahili tungesema kiambishi nafsi m- kimegeuka tu-: mtarudi imekuwa tutarudi. Baadaye anamwambia Niki kwamba Keiko alifurahi siku ile walipotembelea kilima cha Inasa, ilhali wakati huo Keiko alikuwa hajazaliwa. Mtoto aliyekuwapo ni Mariko. Hapo msomaji hulazimika kuuliza iwapo kisa cha Sachiko ni kisa cha Etsuko mwenyewe, aliyemng'oa mwanawe kwao bila ridhaa yake.

Ishiguro halijibu swali hilo waziwazi. Kwa hivyo, mfasiri atakayeifasiri riwaya hii kwa Kiswahili ajihadhari asije akakisahihisha kiambishi hicho akidhani ni kosa la mwandishi. Akifanya hivyo, atakuwa ameliziba tundu la pekee ambamo ungamo la mama huyu linapenya.